Namba Saba Haikubadilika Rangi

Masika mwanangu,

Kosa ambalo wengi wetu hapa Butembo tunalifanya ni kuamini kwamba tuzo ya concours, yale mashindano ya sayansi, inamweleza mtoto aliyeipata. Nimefundisha kemia miaka mingi, na sita kati ya miaka hiyo nilikaa kwenye meza ya jury, waamuzi wa concours, kule Beni. Nilichokiona ni kwamba tuzo ile mara nyingi inamweleza baba wa mtoto: kama amesoma, kama ana ufunguo wa laboratoire, kama anajua kuchapa kwenye kompyuta. Mtoto wa mkulima wa Kipese anaweza kuwa na macho makali kuliko yako, lakini hakuna atakayemwambia hata kwamba concours ipo.

Ninakuandikia asubuhi hii ukiwa kwa rafiki yako mnasukana nywele. Kesho utashuka Beni kupanda ndege ya Kinshasa, na Jumatano utakaa mbele ya kamati ya chuo kikuu ulichokiomba. Mambo ya sweta, dawa, na namna ya kuishi kwa shangazi yako, mama yako ameshayasema mara mbili na atayasema mara ya tatu. Mimi nina jambo moja. Linahusu kazi yako ya utomvu wa papai, ile iliyoshika nafasi ya kwanza Beni na kufanya kamati ikuite. Ndani ya kazi hiyo kuna kitu nilichokibadilisha mimi, si wewe. Ukikisema, unaweza kuikosa nafasi ya chuo. Ukinyamaza, kuna mama mmoja ambaye ataendelea kuitwa mwizi. Sitaki upande ndege bila kujua hayo.

Unanijua, siwezi kusema jambo bila kueleza linavyofanya kazi. Nivumilie kidogo.

Unamkumbuka inspecteur aliyetumwa huku kutoka Kasai, yule aliyekuwa akila kwetu Jumapili na kulalamika kwamba baridi ya Butembo inaingia mpaka kwenye meno. Kabla ya kuja huku alikuwa amekaa kwenye kamati ya chuo ya aina hiyo hiyo. Siku moja nilimuuliza concours inamsaidia nini hasa mtu anayeomba chuo.

"Mwalimu," alisema, "dossier zinafikaka mingi sana. Sasa tuchague na nini? Pourcentage? Bote bako na pourcentage nzuri. Donc tunatafuta mwenye alishinda concours."

"Na mukishamupata?"

"Dossier yake ilikuwa chini, tunaiweka juu. Basi. Kazi ya cheti inaishia pale."

"Halafu?"

Alicheka, akajiongezea mboga ya sombe. "Halafu tunamuita, tunamuuliza swali moja tu: ni nini ilikataa? Mwenye alifanya kazi yeye mwenyewe, ukimuuliza vile anaanza kulalamika mpaka saa sita. Mwenye baba yake alimufanyia, anasema yote ilienda bien."

Mimi nilishika nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuiacha ya pili. Mji mzima umefanya hivyo. Unamjua yule bwana wa karibu na soko anayeuza kazi za concours zikiwa tayari, na bango lake, na maswali ambayo jury itauliza pamoja na majibu yake. Wazazi wasionunua nyanya bila kuibinya wananunua kwake kazi ya sayansi bila kuisoma. Nilikuwa nawacheka. Nilisahau kwamba wewe hukuhitaji kwenda kwa bwana huyo, kwa sababu alikuwa anakaa nyumbani kwenu na unamwita Papa.

Kwenye jury nilikuwa napenda jedwali safi. Nasema hivyo kwa aibu. Mwaka mmoja alikuja msichana kutoka Kanyabayonga na kazi ya kuhifadhi maharagwe yasiingie wadudu. Karatasi zake zilikuwa na madoa, na nusu ya matokeo yake yalipingana na nusu nyingine. Aliyasema mwenyewe bila kuulizwa: "Mu gunia ya tano wadudu baliingia tu, sijui juu ya nini." Nikaandika pembeni ya jina lake neno moja, *désordre*, vurugu. Tuzo tulimpa kijana mwenye mstari ulionyooka kama umechorwa na fundi. Nilipoomba anionyeshe anavyowasha taa ya spiriti, aliishika kama mtu anayeshika nyoka. Nilikiona kitu hicho kwa macho yangu, na bado nilitia sahihi. Tuzo ile ilimpeleka mbali. Msichana wa maharagwe sijui alikoishia, na sijawahi kuuliza.

Mwaka ulioingia wewe nilijitoa kwenye jury, na watu wa kanisa wakanisifu kwa uaminifu. Hawakujua kwamba nilitoka kwenye meza ile nikahamia kwenye yako, nikiwa na kila nilichojua juu ya kile jury inachopenda.

Wazo lilikuwa lako, hilo lishike. Ulisikia wanunuzi wakilalamika kwamba wachanjaji wa mapapai, wale wanaokinga na kuuza utomvu wake, wanauchanganya na unga wa muhogo ili uwe mzito, ukaniuliza kama mtu anaweza kuupima bila mashine. Ukajibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Utomvu wa papai unagandisha maziwa, hivyo utomvu wenye nguvu utagandisha haraka, na uliopunguzwa utachelewa. Kisha ungeweka tone la iode, yaani iodini: penye muhogo pangegeuka bluu karibu na weusi, pasipo na muhogo pangebaki na rangi ya chai. Vipimo viwili, kimoja kikikilinda kingine.

Tulikusanya utomvu wa wachanjaji kumi wa upande wa Mavivi. Maziwa tulichukua kwa shemasi wetu, anayeyateremsha kutoka Masereka kwenye bidon, madumu yake ya manjano. Siku ya tatu uliniambia, "Papa, tujaribu pia na maziwa ya mutu mwingine, juu ya kuhakikisha." Nikakujibu, "Maziwa ya shemasi unataka kuyahakikisha na nini?" Ukainua bidon ya shemasi ukaendelea kupima, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Hapo angalia vizuri, kwa sababu huko uendako utakutana na jambo hili likiwa limevaa nguo nyingine. Tulikuwa na watu kumi wa Mavivi tusiowajua, na tangu mwanzo tulishakubaliana kwamba baadhi yao ni waongo. Tulikuwa na mtu mmoja anayepitisha kikapu cha sadaka, na wala haikutupitia akilini kumpima. Kazi nzima ilikuwa ya kushuku, lakini shaka tuliielekeza upande mmoja tu.

Namba saba ilikuwa ya Mama Kavugho, mmoja wa wale kumi wa Mavivi. Ulipoipima, maziwa yalichelewa sana kuganda. Ukaweka iode, na rangi haikubadilika. Ukaandika kwenye daftari lako: *inachelewa, haina muhogo, sielewi.* Niliyaona maneno hayo. Siku mbili baadaye malaria ikakulaza, na tarehe ya kupeleka kazi ilikuwa inakaribia. Nikasema nitakuchapia.

Nilipofika namba saba, jedwali lilikuwa linapendeza sana. Zile zote zilizochelewa ziligeuka bluu, zile zote zilizowahi hazikugeuka. Hiyo moja tu ilikuwa inaharibu. Nilijiambia kwamba mtoto alikuwa ameanza kuumwa siku ile, kwamba labda alisahau kutikisa, kwamba tone lilikuwa dogo. Nilikuwa na sababu nne, na hakuna hata moja niliyoijaribu. Iode ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu, hatua tatu tu. Sikuinuka. Nikaandika *bluu*.

Siku ya bango, ukiwa bado mdhaifu, ulisimama ukasoma, ukaweka kidole kwenye mstari ule. "Papa, namba saba haikubadilika rangi."

Nikakuambia, "Ulikuwa na homa, mwanangu. Uliona vibaya."

Hukuona vibaya. Nakuandikia neno hilo waziwazi ulisome mara nyingi kadiri utakavyohitaji. Hukuona vibaya. Katika yote niliyoyafanya, kubadilisha jedwali ni dogo. Kubwa ni kwamba nilimfundisha mtu mwenye macho mazuri asiyaamini, na nilimfundisha hivyo kwa kutumia ugonjwa wake.

Unajua yaliyofuata ukumbini, lakini hujui yote. Mnunuzi mmoja wa utomvu alisimama mbele ya bango lako muda mrefu. Akakuuliza kwa upole, "Mama mdogo, namba saba njo nani?" Nawe, kwa kuwa hakuna aliyekuonya, ukamtajia. Nilikuwa karibu nikasikia. Ningeweza kukohoa tu, mazungumzo yangekatika. Wiki hiyo hiyo aliacha kununua kwa Mama Kavugho. Namshuku mtu yule, nikuambie kweli. Nashuku kwamba alikuwa anatafuta jina moja tu la kuonyesha wengine ili wote waogope na kukubali bei anayotaka. Lakini jina hilo lilitoka kwetu, likiwa na mhuri wa concours.

Maziwa nayo yalijulikana hivi. Wiki tatu zilizopita mama yako alikuwa anachemsha chai, akainamisha sufuria nione.

"Papa Masika, tazama. Maziwa hii haifanye hata krimu."

"Ni msimu," nikasema.

"Msimu gani? Wee unapimaka vitu ya batu bote. Ya shemasi hauyapimaka, juu anakuitaka *ndugu katika Bwana*?"

Nilikwenda shuleni nikachukua pèse-lait, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Ukikitia kwenye maziwa mazima, kinasimama juu. Kwenye maziwa ya shemasi kilizama kama kimechoka. Nikapima Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumanne ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Nikafungua daftari lako. Namba saba uliipima Jumanne, nayo peke yake.

Maziwa yenye maji huchelewa kuganda hata ukiyawekea utomvu bora kuliko wote wa Beni. Hilo ningekueleza darasani kwa dakika mbili. Utomvu wa Mama Kavugho ulikuwa safi. Iode yako ilisema kweli, na neno lako *sielewi* lilikuwa neno la kisayansi kuliko yote yaliyokuwa kwenye bango.

Nilimwendea shemasi.

"Ni mvua, Mwalimu," alisema. "Bidon ilibaki wazi mu njia."

"Kila Jumanne?"

"Mvua ya Masereka unaijua."

"Naijua. Lakini hainyeshi ndani ya bidon tu."

Alitazama viatu vyake, kisha akacheka, nami kwa aibu nikacheka pamoja naye. Hatujazungumza tangu siku hiyo. Jumapili tunapeana mikono.

Alhamisi iliyopita niliposema nakwenda Beni kufuata mambo ya tiketi yako, nilikwenda kwa Mama Kavugho. Nilimkuta anamenya mihogo ya kula, akanipa kiti, akaniuliza habari zako kabla ya kitu kingine chochote. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kisu.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mutoto yako alifaulu. Vizuri, namupongeza. Lakini mie nilianguka examen gani? Sikuandika examen."

Nikamwambia nitakwenda kwa mnunuzi, nimweleze kwa mdomo.

"Mudomo?" Hapo ndipo alipoweka kisu chini. "Ile yenye ilinifunga ilikuwa karatasi na stempu. Unanifungua na mudomo? Leta karatasi na stempu."

Ana haki. Nikapita kwa rais wa jury, mwenzangu wa zamani. Nilimwambia kosa ni langu na nikamwekea hati niliyoisaini. Aliisoma, akairudisha taratibu.

"Kazi iko na jina ya mutoto," alisema. "Wee hauko candidat. Kama yeye mwenyewe anaandika kwamba mustari ile si ya kweli, nitatoa karatasi na stempu ya jury. Lakini nitatuma copie Kinshasa pia. Na tuzo, siwezi kukuahidia kama itabaki."

Halafu akainama, akaongeza kwa sauti ya chini, "Anasafiri Jumapili, si ndiyo? Ungemuacha tu afike. Nani atauliza juu ya namba saba?"

Tazama jinsi mtego unavyotegwa, mwanangu. Hakuna mtu mbaya anayekuja na pembe. Anakuja rafiki, anakuhurumia, anakuambia nani atauliza. Nilikaa na maneno yake njia nzima kutoka Beni, na usifikiri niliyakataa mara moja. Nilikuwa nishajua tangu wiki tatu kwamba maziwa yalikuwa na maji, na wiki tatu nilinyamaza. Kila asubuhi nilisema nitamwambia leo. Kisha nakuona unafua nguo zako za safari huku unaimba, naahirisha. Hiyo nayo iandike upande wangu.

Ninashuku hata barua hii. Mzazi anayekiri siku ya mwisho huwa anataka kusamehewa upesi, kabla mlango haujafungwa. Kwa hiyo usinisamehe leo. Jambo hilo halina haraka, na wala sikuombi. Ukitaka kunikasirikia Kinshasa mwaka mzima, kasirika. Nitapokea simu zako hivyo hivyo.

Utajiuliza itakuwaje Jumatano. Sijui. Yule inspecteur alisema huwa wanauliza ni nini ilikataa, na baba mwingine angekuambia kwa furaha kwamba sasa una jibu zuri kuliko wote. Usilichukulie hivyo. Kweli ikitumiwa ili kupendeza kamati inakuwa bango lingine tu, na nimeshatengeneza bango moja la kutosha. Inawezekana wakusikilize, wakushukuru, na wamchukue mtoto mwingine ambaye jedwali lake limenyooka. Nimekaa kwenye meza ya aina ile, najua tunavyokuwa. Ikiwa hivyo, shangazi yako ameshakubali ukae kwake utafute faculté nyingine, na utaingia kwa pourcentage yako ya diplôme d'État, ule mtihani wa taifa, ambayo mimi sikuigusa. Hutakuwa mtu wa kwanza kufika mahali kwa mlango wa kawaida.

Lakini ukiingia chuo kile na namba saba ikiwa imelala vile vile, nakuambia nitakachokiogopa. Siku moja utakuwa mbele ya kifaa cha bei kubwa, kitakuonyesha kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona, na sauti yangu itakuambia una homa. Utafuta. Hakuna atakayejua, hata wewe.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukifanya, na nataka uelewe sababu yake. Mimi ndiye mwandishi wa barua katika nyumba hii. Naandika za kanisa, za majirani, za wajane wanaodai haki zao. Barua ya kwenda kwa jury ningeimaliza kabla chai haijapoa, tena kwa Kifaransa kizuri. Nimeiacha. Sikuandika rasimu, sikuandika hata mstari wa kwanza. Daftari lako sikuligusa tena tangu siku ile nilipotafuta Jumanne. Liko kwenye meza ya kulia, na chupa ya iode iko pembeni yake, pamoja na kile kichupa cha utomvu wa namba saba ambacho ulikihifadhi baridini na mimi nikakuambia ukitupe, nawe kwa bahati hukunitii. Umekaa miezi, sijui kama bado una nguvu ya kugandisha kitu. Muhogo kama upo utaonekana tu, kwa sababu wanga hauondoki. Mimi sikukifungua. Sijui utaona nini, na safari hii sitasimama nyuma yako.

Kijana wa pikipiki anayepeleka barua Beni anaondoka saa tisa alasiri. Rais wa jury yuko kwake mpaka jioni.

Leo, ukirudi kutoka kusukwa, kaa mezani, weka tone moja la iode kwenye namba saba, na uandike kwa mkono wako rangi utakayoiona.

Baba yako